Mlango wa Kuume

Wageni wetu waliokuja Landani miaka ile walirudi Unguja na picha za majumba. Sisi tulioishi hapa tulibaki na milango. Hiyo ni kazi ya jirani yetu wa chini. Yeye ndiye aliyekuwa akitutembezea wageni, na hakupata hata siku moja kumwonyesha mtu jumba kabla hajamwonyesha pa kutokea.

"Kwanza tazameni hapa," angesema, na wageni wangegeuka wakitaraji sanamu la mfalme. "Mlango ule unatokea barabarani. Ule mwengine unatokea uani, lakini jioni wanaufunga. Haya sasa, tazameni hayo mengine."

Mie nilimwita Jirani, na watoto walimwita Babu wa Chini, kwa sababu sisi tulikaa ghorofa ya tatu na yeye chini kabisa, katika nyumba moja nyuma ya Edgware Road ambayo ngazi zake zilinuka vitunguu mwaka mzima. Hakuwa mzee wakati huo, hamsini hajafika. Lakini alikuwa na kofia ya sufu aliyoivuta mpaka masikioni, jua au baridi, na alitembea akigeuka nyuma kila hatua chache, basi watoto wakaona huyu ni babu tu. Kazi yake ilikuwa kufagia maofisi alfajiri. Ikifika saa nne keshamaliza, na sisi wengine wote tuko kazini. Nani mwengine wa kumtembeza mama mkwe aliyekuja kwa wiki tatu na anataka kuona kila kitu?

Nasema kweli, mwanzo nilimcheka. Treni za chini hakuzipanda. Ungemwambia, "Jirani, dakika kumi tu tumefika," naye angekujibu pale pale penye ngazi za stesheni, watu wakitupita kwa mabega: "Mie sishuki. Kule wote mnaingia kwa ngazi moja na kutoka kwa ngazi hiyo hiyo. Siku ya siku mtakanyagana." Basi wageni wake walitembea kwa miguu, au walipanda basi wakakaa chini karibu na mlango, hata kama juu kuko kutupu na watoto wanalilia kiti cha mbele. Shangazi yake mume wangu alirudi siku moja na malengelenge, akavua viatu mlangoni akasema, "Mtu wenu huyu hatembezi, anahamisha."

Kwenye kasri la malkia alikuwa na desturi yake. Wageni wote walitaka kuwaona askari wale wa makoti mekundu na kofia za manyoya, wasimame karibu nao wawachekeshe, maana wameambiwa askari wale hawacheki. Jirani aliwapeleka mpaka ng'ambo ya barabara, halafu akabaki huko. Watu walimpungia mkono aje. Hakuja. Mgeni mmoja, kijana wa Pemba, alimtania, "Mzee, wale ni mapambo tu, kama wanasesere."

"Koti ni pambo," Jirani akamjibu. "Bunduki si pambo."

Kitu chochote chenye sare alikipisha njia. Polisi, mkaguzi wa tiketi, hata mtu wa posta akimkuta ngazini aligeukia ukutani kama anatafuta funguo. Alikuja huku baada ya Mapinduzi, kama wengi, na sote tulijua mtu wa namna hiyo ana lake moyoni, hatukumuuliza. Mie mwenyewe Mapinduzi yalinikuta mchanga, sikumbuki kitu, naambiwa tu. Kengele ya mlango wake haikuwa na jina. Barua zake zilikuja kwa mkono wa Muhindi mwenye duka la pembeni. Tulikaa naye nyumba moja miaka kumi bila kujua jina la baba yake, na kwa watu wetu, ambao salamu ya pili ni kuulizana wewe wa nani, hilo si jambo dogo.

Picha pia hakupigwa. Kamera aliishika yeye, akawapanga watu, akawaambia Bibi asogee, mtoto atoe kidole puani. Kwa hiyo ukifungua albamu za wageni wetu wote wa miaka ile utaona daraja, mto, saa kubwa, simba wale wa shaba, na mbele yao jamaa zetu wamejikunyata kwa baridi. Yeye hayumo. Ila katika picha moja niliyonayo jua lilikuwa nyuma yake, na chini miguuni petu kimelala kivuli cha mtu mwenye kofia.

Alipenda kusema, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Alilisema kila tukimtania, na alilisema kwa fahari, kama mtu anayetaja ukoo wake. Siku moja nilichoka nikamwambia, "Jirani, mbona kwako hakuendi hata hicho kicheko?" Alinitazama, akashuka ngazi zake. Jioni nilimpelekea mkate wa kumimina kuomba radhi, akaupokea mlango ukiwa na mnyororo, akaupitisha upande upande.

Lakini mtu huyu huyu, mchana mmoja barabara kuu, nilimwona kwa macho yangu akimrukia mama wa Kizungu aliyekwisha teremka kwenye lami akitazama upande usio wake, basi linakuja. Alimvuta kwa ukosi wa koti mpaka wakaanguka wote wawili. Yule mama alipoinuka alitaka kumshukuru, akamuuliza jina, na Jirani akakimbia. Tulimkuta mbali, nyuma ya kibanda cha magazeti, amejibanza, kofia kaivuta mpaka machoni. Nikamwambia, "Umemwokoa mtu, unaogopa nini?" Akasema, "Aliniuliza jina mbele za watu."

Mtoto yeyote, Jirani hakumshika kiganja. Alimshika kifundo cha mkono. Alisema kiganja kina jasho, kinateleza, mtu akikurupuka unabaki na hewa. Watoto hawakupenda, lakini walizoea. Na watu hakuwahesabu kwa namba, maana kwao walifundishwa kwamba watu hawahesabiwi kama nazi, ukiwahesabu unaita macho ya husuda. Aliwahesabu kwa nguo. Kila tukitoka chumba kimoja kuingia kingine angesimama mlangoni akaita, "Buibui." Bibi akajibu, "Nipo." "Koti la kijani." Nipo. "Skafu ya maua." Nipo. Akimaliza ndipo tungepita. Wazungu walitutazama tunavyoitana kwa nguo zetu, mie nikiona haya.

Na woga, jamani, huambukiza kama mafua. Miaka miwili ya kwanza nilimcheka. Wa tatu nilijikuta nami nikiingia dukani natafuta kwa macho mlango wa nyuma. Nilipomzaa Salma nikawa mbaya zaidi yake. Mume wangu alikuwa akifanya kazi ya zamu hospitali, kwenye dobi, na mie nikikaa dirishani na mtoto nikisikiliza kila nyayo za ngazini. Nilizijua za Jirani, kwa sababu zilisimama kila baada ya ngazi tatu.

Siku ninayotaka kuisema, Salma alikuwa na miaka saba, na mama yangu alikuja kutoka Malindi ya Unguja kututembelea. Mama yangu haogopi kitu. Alitembea Landani na buibui lake juu ya makoti mawili, akimsalimu kila mtu kwa Kiswahili, na wakimjibu kwa lugha yao anasema, "Salama, alhamdulillahi." Alitaka kuona mifupa ya wanyama wa kale, ameisikia kwa jirani yake wa huko. Basi Jirani akatupeleka kwenye jumba moja la makumbusho, kwa miguu bila shaka, mie na koti langu la kijani, mama na buibui lake, Salma na kofia yake nyekundu.

Ndani, ukumbini, alitusimamisha kama kawaida yake. Ukumbi ule ulikuwa mkubwa, na mwisho wake kulikuwa na milango miwili ya kutokea. Akatuonyesha. Kisha akainama kwa Salma.

"Sikiliza, mama. Akipotea mtu, asimtafute mtu. Asiende huku wala huku. Aende mlango wa kuume, asimame hapo hapo mpaka nije. Umesikia?"

Salma akaitikia kwa kichwa. Watoto wetu waliozaliwa huku Kiswahili wanakisikia, ila wanakujibu kwa Kiingereza, nawe unachukua kule kusikia kwao ukakuona ndiyo kuelewa. Na Kiswahili cha Jirani kilikuwa cha kizamani, cha mtu aliyekitia sandukuni alipoondoka na hajakitoa tena. Sisi wengine tulikwisha anza kusema mkono wa kulia. Yeye alisema wa kuume.

Jumba lilikuwa na baridi. Mama yangu, kwa ushujaa wake wote, masikio yalimuuma, akamvua Salma kofia yake nyekundu akaivaa yeye juu ya buibui. Tulicheka. Jirani alikuwa mbele akitazama milango, hakuona.

Tukapita chumba cha ndege, cha samaki, tukafika kwenye mifupa. Watu walikuwa wengi, skuli zimefungwa, watoto wanapiga kelele. Jirani akasimama mlangoni akaanza kuita. Kwa kelele zile hata hakuwa akisikia majibu, alikuwa akitazama vichwa tu.

"Buibui. Koti la kijani. Kofia nyekundu. Haya, twende."

Na kofia nyekundu ilikuwapo, iko juu ya kichwa cha mama yangu.

Vyumba viwili mbele nilinyoosha mkono nyuma kumshika mwanangu nikashika mkoba wa mama. Nikamuuliza, "Salma yuko wapi?" Mama akasema, "Si yuko kwako?" Sijui kulisema lile lililonipata. Nilimwita jina, sauti ikatoka ndogo, na watoto wote wa watu wakageuka isipokuwa wangu.

Jirani alimtazama mama kichwani. Akaiona ile kofia. Akasema polepole, "Nimeita kofia."

Alikwenda mlango wa kuume mbio, mie nyuma yake. Hakuwapo. Tukarudi kwenye ndege, hakuwapo. Tukarudi mlango wa kuume, tukaenda wa kushoto, tukarudi. Nje kulikuwa na barabara yenye mabasi na magari, na mtu akitoka tu ameliwa na mji. Nilitaka kupiga ukelele, Kiingereza chote nilichokijua kimenitoka. Karibu na mlango alisimama mlinzi, mtu mrefu, sare nyeusi, vifungo vya fedha, redio kiunoni. Nikamwambia Jirani, "Kaka, kamwambie yule. Wewe unajua kusema."

Hakusogea. Nilimwona akimtazama yule mlinzi, kisha akaitazama ile nafasi baina yao, hatua kama kumi. Nikamwambia tena, sasa nikilia, "Kaka, mwanangu."

Akavua kofia. Sijapata kukiona kichwa chake kabla ya hapo, kina mvi upande mmoja tu. Akaenda. Mlinzi akatoa daftari, akamuuliza mtoto ana umri gani, kavaa nini, kisha akamuuliza yeye ni nani. Na Jirani akamtajia jina lake. Alilitaja lote, lake na la baba na la babu na la kabila, kwa sauti ya mtu anayeadhini, akamrejelea herufi moja moja. Nililisikia vizuri na sijalisahau. Sitaliandika hapa, maana alilitoa kwa ajili ya mwanangu, si kwa ajili yenu.

Wakatuambia tukae kwenye benchi tusubiri, wao watatafuta. Mama alikataa kukaa, akaenda zake na kofia yake kutafuta kwa njia yake. Tukabaki wawili. Ilikuwa saa nzima na zaidi. Jirani alijishika kifundo chake mwenyewe cha mkono, akazungumza akitazama sakafu.

"Mie nilikwisha poteza mmoja," alisema. "Mdogo wangu wa kike. Nyumba yetu ilikuwa na milango miwili. Walipokuja kwa mbele, mimi nilitoka kwa nyuma nimemshika mkono. Nilidhani nimemshika. Nimefika mbali ndipo natazama, sina kitu."

Nikamuuliza kama alipatikana. Akasema hakupatikana. Nikamuuliza, kwa ujinga wa mtu mwenye hofu, mbona basi na woga wote huo hatulii nyumbani, anazunguka mji na watoto wa watu.

"Nyumbani ndiko walikokuja, Mama Salma," akasema. "Na mama yangu hajaniuliza mpaka anakufa. Hata mara moja. Angeniuliza ingekuwa afadhali."

Wakati huo huo tukamsikia mama yangu kutoka upande wa pili wa ukumbi, anasema na watu kwa Kiswahili. Alikuwa amemshika Salma, na nyuma yao wanaume wawili wa Kizungu wanacheka kwa adabu. Alimkuta wapi? Mbele ya choo cha wanaume. Amesimama wima, mgongo ukutani, mikono chini. Watu walimuuliza kama amepotea, akawaambia hapana, namsubiri babu yangu, na kila mtu akaona ni kweli, mtoto anamsubiri babu yake atoke chooni. Hata mlinzi mmoja alimpita mara mbili.

Nilimkumbatia nikamchapa kidogo nikamkumbatia tena. Akanisukuma, akasema kwa Kiingereza chake, amekasirika kweli, kwamba yeye kafanya kama alivyoambiwa. Babu alisema mlango wa wanaume. Yeye kasimama mlango wa wanaume. Nyinyi mmechelewa.

Mama yangu alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, kicheko cha machozi. Jirani hakucheka. Alimshika Salma kifundo cha mkono, akakishika njia nzima mpaka nyumbani, na alama za vidole vyake zilibaki mpaka kesho yake.

Hadithi ile ilienea, nanyi mnatujua. Harusini, maulidini, mtu akitaka kwenda chooni anasema, "Nipisheni, nafika mlango wa kuume." Mpaka leo wapo watu wanaolisema ambao hawajui lilipoanzia. Basi kicheko kilikwenda kwa mwoga kama alivyokuwa akisema. Yeye hakutembeza mtu tena. Wageni walikuja, tukamgongea, alijibu nyuma ya mlango kwamba miguu inamuuma. Salma nilimfundisha siku ile ile: kuume ni mkono unaolia chakula. Alirudia mara tatu, kwa Kiswahili, kisha akarudi kwenye Kiingereza chake.

Tulihama nyumba ile. Miaka ikapita mingi, na aibu ikazidi kadiri ilivyopita, maana sikumtafuta. Mtu aliyempa mlinzi jina lake kwa ajili yangu, sikumtafuta. Juzi juzi nikasikia yuko katika nyumba ya wazee, upande wa Southall, akili imeanza kumpotea. Salma akanipeleka kwa gari lake. Ana miaka thelathini na kitu sasa, na bado akinijibu ananijibu Kiingereza.

Walimweka kwenye sebule yenye milango miwili ya vioo, mmoja wa jikoni na mmoja wa bustanini. Kiti chake kiliegemea ukuta. Kando yake palikuwa na vikombe vitatu vya chai, vyote vimejaa, vimepoa. Alikuwa amesinyaa, kofia ile ile au ndugu yake, na macho yalikuwa kwenye milango. Nikamsalimu, nikamtajia mimi ni nani. Hakunijua. Alinishika mkono akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Mtoto kapatikana?"

Dada mmoja anayewahudumia akatuambia humuuliza hivyo kila anayeingia, usiku na mchana. Wao hawaijui lugha, walidhani anaomba chai. Basi kila akiuliza wanamletea chai.

Mie sikujua anamuulizia mtoto yupi, na niliogopa nikimjibu habari ya huyu atanidai yule. Salma ndiye aliyepiga magoti mbele yake. Ile habari ya benchi nilikwisha msimulia alipokuwa mkubwa.

"Nimepatikana, Babu," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kizito, kama mtu anayetembea na viatu vya mwenziwe. "Mimi hapa."

Jirani akamwinamia. Akampapasa kichwa kwa kiganja, hakukuta kofia.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilisimama. Ulisema nisimame, nikasimama."

"Ukangoja?"

"Nikangoja."

Akapumua kwa nguvu, mabega yote yakashuka. "Alhamdulillahi," akasema. "Basi twende kwa mama. Wewe tangulia umwambie. Mimi naogopa."

Hapo nikajua si Salma anayemwona. Na Salma naye alijua, kwa sababu hakuchukua kiganja chake. Alimshika kifundo cha mkono, akamnyanyua taratibu, akamuuliza, "Mlango upi, Babu?"

"Wa kuume."

Salma akautazama mkono wake anaolia chakula, haraka tu, kama alivyokuwa akifanya utotoni, kisha akageukia bustani. Walikwenda hatua ndogo ndogo. Walipofika mlangoni Jirani alisimama, asitoke, akageuka nyuma kama zamani, na macho yake yakanizunguka, yakapita vikombe, yakarudi kwangu. Siku hiyo nilikuwa nimevaa koti la buluu.

"Koti la buluu," akaita.

"Nipo," nikasema, nikawafuata.